Njia ya Upande wa Kushoto

Kama hujawahi kunyolewa na Mama Wembe, basi ndugu yangu, hujanyolewa bado. Umepunguzwa nywele tu. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wakivuka mitaa mitatu, wanawapita vinyozi wanne wenye redio za kelele, ili waje kukaa kwenye kiti chake. Na akikwambia "tulia," unatulia, uwe nani. Meneja wa benki alitulia. Askari wa zamu alitulia. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini tangu arithi saluni ya marehemu mumewe, mwaka wa saba huu, hakuna aliyelikumbuka isipokuwa mama mkwe wake, na huyo naye alilitaja akikasirika tu.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja: viti viwili vya kuzunguka, benchi la wanaosubiri, kioo kilichoziba ukuta mzima, na pembeni kabisa, karibu na mlango, kigoda cha huyo mama mkwe, ambaye watu wote walimwita Bi Mkubwa. Kazi yake ilikuwa kufua taulo, kuchemsha chai na kusema maneno ambayo hayakuombwa. Juu ya kioo ilining'inia picha ya Mtakatifu Martin wa Porres, mtawa mweusi aliyeshika ufagio, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula sahani moja bila ugomvi. Aliitundika marehemu. Mteja mgeni alikuwa hakosi kuuliza.

"Huyo mfagiaji ni nani?"

"Mwenzangu," Mama Wembe humjibu. "Alikuwa kinyozi kabla hajawa mtakatifu. Kwa hiyo kaa vizuri, unatazamwa na mafundi wawili."

Halafu, mashine ikiwa inanguruma sikioni mwa mteja asiye na pa kukimbilia, humsimulia. Kwamba Martin alizaliwa na mama mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, na baba mwenye cheo aliyeona haya kuonekana naye. Kwamba alijifunza ukinyozi angali mdogo, na enzi hizo kinyozi alikuwa nusu tabibu, anafunga vidonda na kung'oa meno. Kwamba alipoingia utawani alifagia, akauguza, akalisha masikini mlangoni mpaka watawa wenzake wakaanza kunung'unika. Na husimuliwa kwamba siku moja aliokota mzee ombaomba aliyejaa vidonda, akamlaza kitandani kwake mwenyewe. Mtawa mmoja akang'aka: mashuka je? Martin akasema shuka hutakata kwa sabuni, lakini doa la kumfukuzia mbali mnyonge halina sabuni yake.

"Umesikia?" Mama Wembe humalizia, akipangusa shingo ya mteja. "Huyo ndiye kinyozi."

Basi naye, asije akawasimulia watu habari za mtakatifu halafu mwenyewe akae kitako, alianzisha Jumatatu yake. Jumatatu saluni ilikuwa haifungui kwa wateja. Alitoa benchi na kiti cha plastiki nje, barazani, akavuta waya wa mashine dirishani, akawanyoa bure watu wote wasio na pa kunyolewa: wazoa chupa, wabeba mizigo wa sokoni, wazee wanaolala chini ya meza za wauza mboga, mama mmoja aliyeongea na ukuta. Bi Mkubwa aliwapa chai na mkate. Wengine walikuwa na chawa, wengine mapunye, lakini Mama Wembe hakukunja uso hata mara moja, na hilo apewe haki yake. Alikuwa na taulo zao za pembeni na mashine yao ya pembeni. Mashine hiyo aliivua kitana chake cha chuma, kile kinachoizuia isifike chini, akashusha mpaka kwenye ngozi, para tupu, haraka, safi. Dakika tano kichwa. "Haya, mwingine!" Vichwa ishirini na viwili kabla ya adhuhuri, na vyote vinang'aa kama masufuria.

Padre alimtaja kanisani. Hakutaja jina, alisema tu "dada yetu mmoja mwenye mikono ya huruma," na kanisa zima likageuka kumtazama. Mama Wembe aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini moyoni alijiona, wacha nisifiche, amefika.

Kulikuwa na mzee mmoja tu aliyemkera. Walimwita Fundi Saa, kwa sababu zamani alitengeneza saa, na mpaka leo akikupita alikuwa anakutazama mkononi na kukwambia yako inachelewa. Alilala nyuma ya soko. Kila Jumatatu alifika wa kwanza, akakaa mwanzo wa benchi, akanywa chai yake taratibu, akasikiliza kila neno. Zamu yake ikifika alikuwa anainuka. "Mpishe huyu, mimi bado." Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, miezi mitatu. Nywele zikawa kichaka, ndevu zikashuka kifuani, naye "mimi bado."

"Huyu ananidharau," Mama Wembe alimwambia mama mkwe wake. "Au anaona wembe wangu una kutu?"

"Muulize," akasema Bi Mkubwa.

Hakumuuliza. Jumatatu iliyofuata, mzee alipoanza kuinuka, alimshika bega akamkalisha kwenye kile kiti cha plastiki.

"Leo hutoki, mzee wangu. Miezi mitatu unakunywa chai yangu na kichwa chako kinanicheka."

Benchi zima likacheka. Fundi Saa hakucheka. "Mama, nisikilize kwanza. Jumamosi..."

"Jumamosi nina wateja. Siku yenu ni leo." Kitambaa cha kunyolea kilikuwa tayari shingoni, kimefungwa. "Tulia. Dakika tano."

Mzee alisema neno jingine, lakini mashine ilikuwa imeshawaka, na mashine ikiwaka barazani husikii kitu. Mama Wembe huanzia kushoto. Alisukuma mara moja, juu ya sikio kuelekea utosini, na shungi la nywele likadondoka kwenye goti la mzee.

Akashikwa mkono. Si kwa nguvu. Vidole vya fundi saa ni vyepesi. Mzee alilitazama lile shungi, akajigusa pale palipobaki weupe, akasimama.

"Umeanzia kushoto," alisema. "Kushoto hasa."

Akashuka barazani akaenda zake na kitambaa cha saluni kikiwa bado shingoni. Hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na kila aliyekuwa kwenye benchi aliyaona. Mwenzako akinyolewa zako tia maji, walisema wahenga. Hawa wa kwetu hawakutia maji, walitia kofia. Mzoa chupa mmoja alivuta yake mpaka kwenye nyusi akala kona. Akafuata mwingine. Mama Wembe alipogeuka kusema "mwingine," alimkuta yule mama anayeongea na ukuta peke yake.

"Hee! Jamani!" Alizima mashine. "Si nasema mimi? Shukrani ya punda mateke!"

"Punda ni nani hapo?" Bi Mkubwa aliuliza kutoka kigodani.

"Mama, usinianze."

"Sijakuanza. Nimeuliza tu." Alikuwa anakunja taulo, moja juu ya nyingine, bila haraka. "Meneja wa benki akikaa kitini, unamwambia nini?"

"Namwambia tulia."

"Kabla ya hapo."

Mama Wembe aligeuka kukitazama kiti cha kuzunguka kule ndani. Kabla ya hapo huwa anakizungusha kiti, anamtazama mtu kiooni, anamuuliza. Huwauliza hata wale anaowajua miaka saba. Nikunyoe vipi leo? Marehemu alimfundisha hivyo siku ya kwanza kabisa, kabla hajamwonyesha jinsi ya kushika mashine: kichwa ni cha mwenyewe, wewe una mikono tu.

"Sasa mzee yule ulimuuliza?" akasema Bi Mkubwa. "Na hao ishirini na wawili, tangu uanze, yupo hata mmoja?"

"Mama, hao wanataka usafi."

"Walikwambia?"

Mama anayeongea na ukuta aliuacha ukuta wake, akageuka kutazama.

"Mimi natenda wema, naenda zangu," Mama Wembe alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Wewe mwanangu unakwenda zako kabla hujatenda. Na huyo mfagiaji wako hapo juu, nikumbushe, alimlaza ombaomba wapi?"

"Kitandani kwake."

"Ahaa. Nikadhani alitafuta kitanda cha plastiki akakitoa nje."

Maneno mengine ni kama pilipili jichoni, hata ukinawa yanaendelea. Mama Wembe aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akajitazama kioo kizima. Aliona aibu, aibu ya kweli. Hakuiona kwa sababu ya Padre wala kanisa. Aliiona kwa sababu ya yale macho ya mzee, na kwa sababu alikuwa amemwambia "siku yenu."

Lakini Mama Wembe si mtu wa kulala na aibu. Jumanne saa sita mchana aligeuza kibao cha mlangoni, akaacha wateja wawili wameduwaa, akaenda nyuma ya soko. Alimkuta Fundi Saa ameketi juu ya kreti, kofia ya sufu kichwani jua likiwaka. Kitambaa cha saluni kilikuwa pembeni yake, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko.

"Nimekifua," mzee alisema kabla ya salamu. "Sikukusudia kukichukua."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alivuta kreti jingine akakaa, akawa chini yake kidogo. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea. Nilikamata kichwa chako kama kichwa cha kabichi, sikukuuliza. Nisamehe, baba yangu."

Mzee alimkabidhi ule mfuko wenye kitambaa. Kisha, kwa kuwa watu wanaokaa kimya muda mrefu huwa na maneno yaliyopangwa tayari, akamweleza yote.

Alikuwa na kibanda chake cha saa, mke, na binti mmoja. Na alikuwa na njia, ule mstari mwembamba unaochongwa kwa wembe na kuchanwa kwa kitana, upande wa kushoto wa kichwa. Kila asubuhi kabla hajafungua kibanda, binti yake alikuwa anapanda juu ya kigoda na kuichana ile njia yeye mwenyewe, anang'ata ulimi kwa umakini. Haikuwa rasmi kwamba kumekucha mpaka njia ikae sawa. Halafu mke akafa. Na baada ya mke, akili yake nayo ilimhama. Walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa mwaka na nusu.

"Kule tulinyolewa kila tarehe mosi," alisema. "Tunapangwa foleni, mashine moja, para watu wote. Mnyoaji alikuwa mtu mzuri. Haraka, safi, hakupiga mtu. Lakini hakuuliza."

Mama Wembe alitazama chini.

"Siku moja shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akamleta mtoto anione. Miaka tisa. Mimi niko getini nimejiandaa, nimefurahi. Mtoto akanitazama, akajificha nyuma ya mama yake mdogo. Akasema, 'Huyu si baba. Baba ana njia.' Akalia mpaka wakaondoka naye. Nilipotoka hospitali walikuwa wamehama. Mwaka wa ishirini na moja huu."

"Na Jumamosi?"

"Miezi mitatu Padre anaandika barua parokia kwa parokia, mpaka amempata. Anakuja Jumamosi saa kumi." Alivua kofia. Lile jeraha jeupe lilionekana katikati ya kichaka, refu kama vidole vinne. "Nilikuwa naziacha ziote, ziwe ndefu za kutosha mtu kuchagua. Nilitaka nije Ijumaa nikae ndani, kwenye kile kiti cha kuzunguka, niseme ninavyotaka. Nilikuwa hata najizoeza maneno."

"Sasa Jumatatu zote hizo ulikuja kufanya nini, mzee?"

"Chai ya Bi Mkubwa ni nzuri." Akatabasamu kidogo. "Na nilikuwa nangoja nione kama kuna siku utamuuliza mtu."

Loo. Mama Wembe alijisikia kama amepigwa kibao na mtu mpole. Lakini alipiga moyo konde, akafanya kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu wa Jumatatu.

"Naweza kutazama?"

Mzee akainamisha kichwa. Alimpima kwa vidole, polepole, kulia, kushoto, kisogoni, jinsi nywele zinavyolala, mahali zinapozunguka.

"Sikudanganyi," alisema. "Kwa Jumamosi, njia ya kushoto haitasimama. Nimeng'oa ukuta, siwezi kuutundikia picha."

Mzee alianza kuivaa kofia yake.

"Subiri kwanza, sijamaliza. Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi. Nina siku nne za kufikiri na mikono miwili isiyotetemeka. Njoo Jumamosi saa nane. Na uje kwa mlango wa mbele." Alisimama, akajikung'uta. "Padre nitamwambia mwenyewe amlete binti saluni badala ya kanisani. Mungu hatakasirika, hata kwangu yupo mtu wake, ananing'inia na ufagio."

Jumamosi saluni hujaa mpaka benchi linalia. Siku hiyo alikuwepo meneja wa benki, alikuwepo bwana harusi mtarajiwa, walikuwepo vijana watatu wa timu moja. Fundi Saa alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia mkononi, tayari kurudi alikotoka. Harufu yake iliingia kabla yake, na watu wawili kwenye benchi walikumbuka ghafla kutazama dirishani.

"Karibu, mzee," Mama Wembe aliita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Kiti chako hiki."

Meneja wa benki alikohoa. "Mama, nadhani mimi ndiye niliyekuwa mbele."

"Ulikuwa, ndugu yangu. Sasa uko nyuma. Mama, mpe meneja chai."

Bi Mkubwa alimpa meneja chai, kisha akaja na beseni la maji ya moto, akamwosha mzee kichwa mwenyewe, mara tatu, kwa dawa na sabuni, akimwimbia puani wimbo wa kanisani usio na maneno. Akamkausha kwa taulo iliyotoka kwenye rundo la wateja wote. Za pembeni hazikuwepo tena, alikuwa amezichanganya zote tangu Jumatatu jioni na hakuomba ruhusa ya mtu. Mama Wembe akakifunga kile kitambaa alichokifua mzee. Akakizungusha kiti kikatazama kioo. Akaweka mikono nyuma.

"Nikunyoe vipi, mzee wangu?"

Na mzee, aliyejizoeza miezi mitatu, akasahau yote. Saluni nzima ikamgeukia. Halafu maneno yakaanza kuja, moja moja, kisha mengi: pembeni ziwe fupi lakini si para, kisogoni zishuke taratibu, ndevu zitoke ila masharubu yabaki, mazito, yasivuke mdomo, na hapa karibu na sikio zikatwe hivi, mshazari. Na njia.

"Na njia," Mama Wembe akarudia. "Mzee, kushoto sina pa kuiweka. Lakini naweza kupunguza kushoto kote kulingane na pale nilipoharibu, nikapandisha ngazi kwa ngazi mpaka juu, na njia nikaiweka kulia. Itakaa kama ilizaliwa hapo. Ukisema hapana, ni hapana."

"Kulia siyo mimi."

"Nipe nafasi ya kukwambia kitu ambacho kinyozi anakijua kuliko mtu yeyote. Kioo hugeuza. Anayekutazama kiooni kutoka kule mlangoni, njia ya kulia ataiona kama ya kushoto. Atakuona vilevile ulivyokuwa. Kwa hiyo akifika, wewe usigeuke. Mwache akuone kiooni kwanza. Baada ya hapo, ni ninyi wawili na Mungu."

Fundi Saa aliwaza. Alikuwa mtu wa magurudumu madogo, anajua kitu kikigeuzwa huku kinaelekea kule. "Nyoa," akasema.

Ilichukua saa nzima na robo. Dakika tano zake zilikuwa wapi siku hiyo? Alinyoa kwa mkasi, akanyoa kwa mashine, akarudia kwa mkasi. Vijana wa timu walisogeza benchi waone. Uso wa mtu ulianza kutoka kwenye kichaka: shavu, kidevu chenye kishimo, masharubu ya mtu aliyewahi kuheshimiwa sokoni. Mwishoni alichukua wembe, akashika pumzi, akachonga njia mara moja tu, nyembamba, iliyonyooka. Hata meneja wa benki alishika pumzi.

Mzee alijitazama. "Huyu ni mwingine," akanong'ona. "Mama, atasema tena. Atasema si mimi."

Mama Wembe hakuwahi kumjibu, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Padre, na mbele yake mwanamke wa miaka kama thelathini, mkoba umebanwa kifuani kwa mikono miwili.

"Usigeuke," Mama Wembe alimwambia mzee, polepole. "Tazama mbele."

Mwanamke aliingia hatua mbili. Alipitisha macho kwenye benchi, kwa meneja, kwa bwana harusi, kisha yakapanda kwenye kioo yakasimama. Humo kiooni alikuwa ameketi mtu mwenye masharubu mazito, na kishimo kidevuni, na njia upande ule ule.

Mkoba ukaanguka.

"Baba."

Sasa hapo mzee hata angefungwa kamba angegeuka. Aligeuka na kiti na kitambaa na vyote. Binti alishafika, akapiga magoti sakafuni juu ya nywele zote zile, akamshika baba yake uso kwa mikono miwili, akamtazama, akatazama juu ya paji. Kidole chake kikaenda kushoto, kikakuta fupi. Kikaenda kulia. Na huku machozi yanamtiririka, akakunja uso kama fundi aliyekuta kazi yake imeguswa.

"Baba, nani amekuhamishia njia?"

Fundi Saa alicheka. Alicheka mpaka kikawa kilio, na hakuna aliyejua kimegeukia wapi. Mtu asiyekujua hawezi kukwambia njia yako imehamishwa.

"Ni mimi," Mama Wembe alisema. "Ile ya kushoto niliiharibu mimi. Sikumuuliza."

Binti alimtazama, kisha akamgeukia baba yake tena. "Siku ile getini nilisema si wewe. Nimekaa na neno hilo mwaka wa ishirini na moja huu."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilijua ni wewe, baba. Nilijua. Niliogopa tu."

"Na mimi niliogopa. Yameisha, mama. Yameisha."

Mama Wembe alichukua ufagio akaanza kufagia, mahali ambapo palikuwa pameshafagiliwa. Meneja wa benki alipenga kamasi kwa kelele isiyolingana na cheo chake, na Bi Mkubwa akampa taulo. Binti akaomba kitana. Alikichovya kwenye maji, akajaribu kuzigawa zile nywele chache za mbele upande wa kushoto, zikakataa, akazichana tena huku ameng'ata ulimi.

"Ziacheni ziote," alisema. "Mtu asiziguse. Nitairudisha mwenyewe."

Jumatatu iliyofuata kiti cha plastiki kilikuwa ndani, karibu na mlango, kimebeba birika la Bi Mkubwa. Milango ilikuwa wazi na foleni imeingia mpaka kwenye kioo. Na sasa kwa kuwa wanaulizwa, waliibuka na mambo! Mzoa chupa alitaka mstari kama wa mchezaji mpira, na alikuwa na picha mfukoni. Mbeba mizigo alitaka zipunguzwe nusu, akatazama, akataka nusu ya ile nusu. Mama anayeongea na ukuta alisema wazi kabisa, kwa sentensi moja isiyo na kasoro, kwamba yeye hataki kunyolewa, anataka kusukwa, na Bi Mkubwa akamwita kigodani. Kufikia adhuhuri vilikuwa vimekwisha vichwa sita tu. Mama Wembe alikuwa amelowa jasho na koo limekauka kwa kuuliza.

Wa saba alikuwa Fundi Saa, shati jipya, amekuja kwa miguu yake kutoka kwenye nyumba ambayo binti yake amepanga. Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, akajiweka sawa, akanyoosha shingo kwa ajili ya kitambaa. Mama Wembe akamfunga. Akamtazama kiooni.

"Nikunyoe vipi, mzee wangu?"

Mzee alivuta muda. Alikuwa na raha usoni kama mtu aliyeletewa sahani ya kwanza.

"Leo usininyoe," alisema. "Binti amesema ziachwe ziote."

"Haya," akasema Mama Wembe. Akamfungua kitambaa, akampangusa shingo isiyokuwa na unywele hata mmoja, akachukua kioo cha mkono akamshikia nyuma ili atazame kisogo chake, kama anavyomfanyia kila mtu, na mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, akaitikia kwa kichwa kwamba ameridhika.